Mputu ana kipaji, lakini mkubwa ni Kidiaba

Hapa Lubumbashi, Kongo, ukitaka meza nzima ikugeuke, sema Robert Kidiaba, aliyekuwa kipa wa klabu yetu TP Mazembe, ni mkubwa kuliko Trésor Mputu, aliyekuwa mshambuliaji wa klabu hiyohiyo. Mimi nalisema kila mara, na kila mara napigiwa kelele kabla sijafika kwenye sababu. "We yaya, Kidiaba iko kipa muzuri, lakini Mputu njo mupira yenyewe!" Basi leo naandika, maana hapa hakuna wa kunikata maneno.

Naanza na kile ninachokubali. Kwa macho yangu sijaona mchezaji mwenye kipaji kama Mputu. Namkumbuka kwenye uwanja wa Kibassa Maliba, kwenye komini ya hapa mjini iitwayo Kenya, kabla Mazembe haijapata uwanja wake kule Kamalondo. Tulikuwa tunaingia mapema ili tupate pa kukaa, jua linatuchoma, na mpira ukielekea kwake watu wanasimama kabla hajaugusa. Anaupokea akiwa ameligeuzia goli mgongo, beki amemganda, halafu ghafla beki amebaki na hewa. Hakuwa mkubwa wa mwili. Alikuwa anaona. Pasi yake uliielewa baada ya kufika, ndipo unajiuliza ile nafasi aliionea wapi. Mwaka 2009 CAF, shirikisho la mpira la Afrika, ilimpa tuzo ya mchezaji bora kati ya wanaocheza ndani ya Afrika, na huku kwetu hakuna aliyeshangaa.

Kitu cha namna ile hakifundishwi. Nafundisha vijana kule Katuba, kwenye kiwanja cha vumbi jekundu, na najua ninachoweza kumpa mtoto: pumzi, nidhamu, mguu wa pili, kusimama mahali panapostahili. Jicho siwezi kumpa. Anakuja nalo au haji nalo.

Sasa Kidiaba. Dunia inamkumbuka kwa kurukaruka kwa makalio kila Mazembe ilipofunga, na inanisikitisha kwamba wengi wanaishia hapo. Kwa kipa hakuwa mrefu. Kuna siku alitoka golini tukafumba macho. Lakini hebu tazama miaka yake. Mwaka 2009 yeye na Mputu walitwaa pamoja, na timu ya taifa, CHAN ya kwanza kabisa, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, kule Côte d'Ivoire, na mwaka huohuo wakachukua Ligi ya Mabingwa kwa Mazembe mbele ya Heartland ya Nigeria. Mpaka hapo wanakwenda sawa.

Halafu ukaja mwaka 2010, na hoja yangu yote imekaa hapo. Kwenye mechi moja ya Kigali mambo yaliharibika kati ya wachezaji na mwamuzi, na FIFA ikamfungia Mputu mwaka mzima. Hapa mjini watu walisema Mazembe imekwisha. Fainali ya Ligi ya Mabingwa ikafika bila yeye, na Espérance ya Tunis ikala mabao 5-0 palepale Kibassa Maliba. Desemba ekipi ikaenda Abu Dhabi kwenye Kombe la Dunia la Klabu. Pachuca ya Mexico ikafungwa 1-0. Kwenye nusu fainali walikutana na Internacional ya Brazil, mabingwa wa Amerika Kusini, na ile mechi ningependa kila kijana wa Katuba aitazame yote, asiishie kwenye mabao ya Kabangu na Kaluyituka. Wabrazili walipiga, wakapiga tena, na kila walipopiga walimkuta mtu mmoja wa miaka 34, Kidiaba. Ikaisha 2-0. Kabla ya siku ile hakuna klabu nje ya Ulaya na Amerika Kusini iliyowahi kucheza fainali hiyo. Inter ya Milano ilitufunga 3-0, sawa, lakini tulifika.

Wenzangu hujibu kwamba Mputu angekuwepo tungeifunga na Inter. Inawezekana. Ila ukimhesabu Mputu, lazima uongeze mechi ambazo hakuzicheza, na Kidiaba hahitaji nyongeza hiyo. Yeye alikuwepo. Mwaka 2015, siku chache baada ya kutimiza miaka 39, alikuwa golini kule Malabo Leopards, timu yetu ya taifa, walipowatoa wenyeji Guinea ya Ikweta kwa penalti na kuchukua nafasi ya tatu Afrika. Mwisho wa mwaka huo Mazembe ikatwaa tena Ligi ya Mabingwa, na bado alikuwa mwana wa nyumba.

Suala hili si la mpira peke yake. Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka kwenye kuruka juu. Donald Thomas wa Bahamas alikuwa kijana wa basketi. Alianza kuruka mwaka 2006, kwa sababu ya ubishi na wenzake chuoni. Mwaka 2007, kule Osaka, akawa bingwa wa dunia kwa mita 2.35. Siku hiyo alimwacha nyuma Stefan Holm wa Sweden, bingwa wa Olimpiki wa 2004, mtu wa mita 1.81 tu aliyekuwa ameruka tangu utotoni na kufika mita 2.40. Ukitafuta maana ya kipaji, mtazame Thomas siku ile. Lakini dhahabu nyingine ya dunia hakuipata, wala ya Olimpiki. Mwili ulimpa Osaka kama zawadi. Holm kila sentimita aliinunua.

Mtu asidhani nasema ukubwa ni kudumu miaka mingi tu. Pierre Ndaye Mulamba, mshambuliaji wa Zaire, yaani Kongo yetu ya wakati ule, ananikataza kusema hivyo. Kombe la Afrika la 1974 kule Misri alifunga mabao 9, na hadi leo hakuna aliyeyafikia katika mashindano mamoja. Fainali na Zambia iliisha 2-2, mabao yote mawili yetu ni yake. Ikarudiwa, tukashinda 2-0, yote mawili yake tena. Yalikuwa majuma machache tu, lakini siku ilipomwita aliitika. Nchi ndiyo haikumwitikia yeye: alimaliza maisha yake Afrika Kusini katika umaskini, akafariki Johannesburg mwaka 2019. Kila nikitaja majina haya mbele ya vijana, naanza na lake, na hasira yangu siifichi.

Mwaka huu nina mtoto mmoja mwenye jicho. Wenzake wanamwita Mputu, na baba yake ameanza kuniuliza kwa nini simwachi acheze tu, huku amemzoesha kuja mazoezini wakati wenzake wamekwisha kukimbia. Nimemjibu kwa heshima: baba, mwanao afike saa kumi na mbili na nusu asubuhi kama wengine. Na wiki hii nitamweka golini kwa nusu ya kila zoezi, apigiwe mashuti na wale anaowachezea chenga kila siku.