Nguo ya kaburini na mizani nane: mtoto wa Mafia kwa Wafini

Mama aliponiona kwenye simu nimevaa ile nguo, shikamoo yangu aliijibu nusu. "Umesema imetoka wapi?" Kaburini, nikamwambia, kaburi la miaka elfu moja huko Eura, Ufini. "Yaani mwanangu umevuka bahari yote hiyo uende ukavae nguo ya maiti?" Ikanichukua nusu saa kumweleza kuwa hii ni ya kuiga, nimeifuma na kuishona kwa mikono yangu, na marehemu nimemwachia yake. Hapo nilidanganya kidogo, maana vipande vya nguo yake vilifukuliwa zamani. Lakini mama yangu ana presha.

Mambo yalianza na baridi. Ukikaa Turku, mji wa Ufini ninapoishi, mwezi wa Desemba, jua linachungulia saa chache tu kama mgeni asiyetaka kukaribishwa, utasoma chochote kilicho mbele yako. Mimi nilikutana na saga za Aislandi, zile hadithi ndefu zilizoandikwa karne ya 13 kuhusu watu walioishi miaka 200 au 300 kabla yake. Nilizisoma kwa Kiingereza, sijidai. Nilitegemea mashujaa na mashoka. Nikakuta fundi cherehani.

Katika saga ya watu wa Laxárdalur yumo binti anaitwa Guðrún, kaozwa akiwa na miaka 15 kwa mwanamume asiyempenda. Siku moja mume anamzaba kofi. Bibie anamshukuru kwa kumtia rangi mashavuni, halafu anakaa kimya. Rafiki mmoja, Þórðr, anampa akili: mshonee mumeo shati lenye shingo pana mpaka chuchu zionekane, kisha dai talaka kwamba anavaa kike. Akashona, mume akavaa (wanaume na nguo wanayowekewa kitandani!), na talaka ikatoka. Halafu huyo huyo Þórðr akamwacha mkewe mwenyewe kwa kosa la kuvaa suruali, ili amwoe Guðrún. Mke aliyeachwa, Auðr, akapanda farasi usiku, na suruali yake, akamfuata kitandani na upanga. Hakumuua, ila alimwachia jeraha la kumkumbuka. Nilicheka mpaka mume wangu akaja kuuliza kuna nini.

Na katika saga ya Njáll kuna wanawake wanaofuma siku ya vita vya Clontarf, karibu na Dublin, mwaka 1014. Mtande wao, yaani nyuzi za urefu, ni matumbo ya watu, mawe ya kuvuta nyuzi ni vichwa, upanga ndio wa kugongea mshindio, ule uzi wa kukatiza. Baada ya hapo sikuweza tena kuisoma saga bila kutazama nguo za watu. Nikaanza kutaka kujua: walivaa nini hasa, na mkono ulifanyaje?

Sasa niseme ushauri mbaya niliopewa, maana bado unaniuma. Mtu mmoja msomi, mkarimu kabisa, aliniambia kwamba kama nataka kuwaelewa Wafini lazima nianze na Kalevala, utenzi mkuu wa taifa lao, shairi la kwanza hadi la 50, nisiruke hata moja, na kwa Kifini. Mistari 22,795! Kifini changu wakati huo kilikuwa cha kununulia maziwa. Nilihangaika miezi mitatu nikaishia njiani, nikajiona mjinga. Baadaye ndipo nikajua kuwa hata waimbaji wenyewe hawakuwahi kuiimba hivyo. Elias Lönnrot alizunguka vijijini Karelia, upande wa mpaka na Urusi, akiandika kutoka vinywani mwa watu, akaunganisha vipande, akatoa kitabu 1835, kisha akakipanua 1849. Larin Paraske, mwanamke asiyejua kusoma wala kuandika, aliimba kichwani mwake zaidi ya mistari 32,000, na hakuna aliyemwambia aanze ukurasa wa kwanza. Kwa hiyo wewe anza popote. Anza na nyimbo za harusi, anza na maneno ya kuzuia damu, anza na mapenzi. Na ukibahatika kuipata maktabani tafsiri ya Kiswahili ya Jan Knappert ya mwaka 1992, isome hiyo kwanza ujue nani kamwibia nani, ndipo urudi kwenye Kifini.

Kilichonifungulia mlango ni wimbo mfupi wa mapenzi ambao hata Goethe, mshairi wa Kijerumani, aliutafsiri:

*Jos mun tuttuni tulisi,*
*ennen nähtyni näkyisi*

Yaani, kama yule ninayemjua angekuja, niliyemwona zamani angeonekana. Nilihesabu kwa vidole kama alivyonifundisha babu. Nane. Mstari wa pili, nane. Nikaruka kwenye kiti. Mizani nane ni utenzi! Mimi nimelala nikiimbiwa tenzi, nikasema hawa ni ndugu zangu, kazi imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Nilikaa wiki mbili nikautia ule wimbo katika Kiswahili, vina vimepangwa kama meno:

*Mpenzi angelirudi,*
*njiani asikaidi,*
*na moyo ukafaidi,*
*midomo ningeibusu.*

Nikaupeleka kwenye kikundi cha kuimba nyimbo za kale nilichojiunga nacho (bure, kahawa unachangia mwenyewe). Nikaimba kwa madaha. Walipiga makofi ya adabu. Kisha mama mmoja wa makamo, ambaye maneno yake kwa mwaka mzima hayajazi kikombe, akasema: "Ni mzuri. Unafaa kumlazia mtoto."

Sikulala. Kosa langu lilikuwa mkiani mwa mstari, na wao hawajali mkia. Kifini hukaza silabi ya kwanza ya neno, sisi tunakaza ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo masikio yetu yanasubiri kina kule mwishoni, na wao wanataka maneno yagongane vichwa: *tuttuni tulisi*, *nähtyni näkyisi*. Beti hawana, mistari inakwenda tu kama treni, na jambo lililosemwa mstari wa kwanza linarudiwa wa pili kwa maneno mengine. Nilijaribu kulazimisha Kiswahili kifanye hivyo, nikashindwa, mpaka siku moja jikoni nikamgombeza mwanangu: "Vikombe vyangu vizuri vyote umevivunja!" Nikasimama na ufagio mkononi. Vi, vya, vi, vyo, vi. Ngeli! Lugha yetu inagonganisha vichwa vya maneno bure, kila siku, hata ukiwa na hasira. Wafini wanatafuta, sisi tumezaliwa nayo. Mtoto alinusurika siku hiyo, nami nikaandika:

*Rafiki angalirudi,*
*niliyemwona nimwone,*
*kinywa chake ningekinywa*
*japo kidondoke damu.*

(Damu ni ya mbwa mwitu, hata kwao: anasema angembusu ingawa mdomo umejaa damu ya mbwa mwitu. Mapenzi ya baridi hayo.) Safari hii yule mama alisikiliza, akarudia mstari wa tatu baada yangu bila kuelewa neno hata moja. Ndivyo wanavyoimba: mmoja anatangulia, wengine wanaudaka mstari na kuurudia, naye anapata nafasi ya kukumbuka unaofuata. Mwitikio wa ngoma, basi, sema taratibu zaidi.

Nguo sasa. Mwaka 1969 watu walikuwa wakichimba mtaro wa maji machafu pale Luistari, Eura, kusini-magharibi mwa Ufini, wakakuta makaburi. Yakawa zaidi ya 1,300. Mwanaakiolojia Pirkko-Liisa Lehtosalo-Hilander ndiye aliyesimamia uchimbaji, na kaburi namba 56, la mwanamke wa zama za Waviking, ndilo lililotoa ile nguo, na mfano wake ukashonwa 1982. Sufu huoza ardhini, lakini mwanamke huyu aproni yake ilipambwa na vikoili vya waya wa bronzi, na chumvi za shaba huvizuia vijidudu vinavyoozesha kitambaa. Palipo na pambo, pamebaki nguo. Yaani urembo wake ndio uliomtunza.

Gauni lenyewe si kazi: kitambaa kinazungushwa mwilini, mabegani bizimu mbili, umemaliza. Anayejua kufunga kanga hahitaji mwalimu. Kazi ni mkanda.

Mkanda hufumwa kwa kadi za mraba zenye tundu kila pembe. Uzi unapita kila tundu, unazungusha kadi zote robo, unapitisha mshindio, unazungusha tena. Nilikata kadi 18 kutoka kwenye pakiti za maziwa, nyuzi 72. Mwisho mmoja nikaufunga kwenye kitasa cha mlango wa jikoni, mwingine kiunoni mwangu. Nilikuwa na majivuno makubwa, kwa sababu bibi alinifundisha kusuka ukili kabla sijaota meno ya mbele, na mkeka ni mkeka.

Sikujua kwamba kila unapozungusha kadi kwenda mbele, nyuzi zilizo nyuma ya kadi nazo zinajisokota. Nilipofika kama mkono mmoja na nusu, kadi zikagoma. Jirani aliyewahi kuhudhuria kozi ya kufuma akanishauri: "Vuta kwa nguvu, uzi wa sufu ni mvivu." Nikavuta. Nikaegemea nyuma kwa uzito wangu wote, na si mdogo. Wakati huo huo mume wangu, aliyekuwa jikoni na chai yake, akaamua kutoka, akauvuta mlango kwake. Nilisafiri. Nimeona samaki changu akitolewa majini kwa mshipi, sikuwahi kufikiri nitajua anavyojisikia. Fundo la kiunoni likaachia, nyuzi 72 zikarukiana zikawa kamba ya nanga, kadi zikatawanyika hadi chini ya friji. Chai ilimwagikia mkanda. Mume wangu, Mungu amweke, aliuliza tu: "Nirudi ndani?"

Jioni tatu nilijaribu kuzitenganisha. Ya nne nikachukua mkasi.

Na hapo, nikiwa na mkasi, nikamkumbuka baba ngalawani. Kati ya mshipi na ndoana alikuwa anafunga kile kichuma kidogo kinachozunguka chenyewe, ili samaki akipiga mizunguko mshipi usijisokote. Kesho yake nikaenda duka la vifaa vya uvuvi nikaomba 18. Kijana akaniuliza navua samaki gani. Nikamwambia mkanda. Nyuzi nne za kila kadi nikazifunga kwenye kichuma kimoja, vichuma vyote kitasani, na kila nilipozungusha kadi ule msokoto ukawa unatoka wenyewe kule nyuma, vichuma vikizunguka kama watoto kwenye pembea. Mita mbili nilizimaliza kwa siku tisa! Wapo walionuna kuwa wanawake wa Luistari hawakuwa na vichuma hivyo. Kweli. Wao unaweza kukuta walirudisha kadi nyuma baada ya kwenda mbele, jambo linalogeuza nakshi, na mikono yao ilikuwa na mazoezi ya tangu utotoni. Mimi nina kazi ya zamu na watoto wawili. Vichuma nitatumia.

Vikoili vya aproni sitavisimulia sana. Unazungusha waya kwenye sindano ya kufumia, unakata, unatunga kwenye uzi, unashona. Ncha zake zisuguliwe tupa, la sivyo zinakata uzi na unaacha alama ya bronzi kila unapokaa. Gharama zote, sufu, waya, vichuma na bizimu za kununua, tuseme yuro mia mbili na kitu. Risiti nilizitupa kabla hazijaonwa.

Kitu kimoja sikukitegemea. Nilipokuwa nikifuatilia shanga za wakati ule niliingia makumbusho nikakuta sarafu ya fedha, imetobolewa ili ining'inizwe shingoni. Nikainamia kioo. Yale maandishi niliyajua. *La ilaha illa Allah.* Dirhamu kutoka Asia ya Kati, iliyopita mito ya Urusi mkono kwa mkono, mpaka ikawa kidani cha mwanamke wa Kaskazini ambaye huenda hakujua inasema nini. Mlinzi alinisogelea kwa sababu nilikuwa nimesimama hapo muda mrefu, nami nikamsomea kwa sauti. Akaniomba nirudie.

Tarehe 28 Februari, siku ya Kalevala, niliimba maktabani nikiwa na gauni, aproni, mkanda, na mtandio wangu wa kawaida kichwani. Mstari wa pili nilikosea nikauimba mara mbili, wenzangu wakaudaka mara mbili, hakuna aliyejua. Baada ya hapo yule mama mchache wa maneno akaja, akaushika mkanda wangu, akaugeuza upande wa nyuma kama mtu anayekagua kitenge sokoni. Akaweka kidole mahali kadi ya saba ilipozunguka kinyume. "Hapa ulichoka," akasema.

Mama yangu naye ameniagiza mkanda. Wa kijani, wa kufungia buibui akiwa jikoni. Ila amesisitiza usiwe wa mfano wa maiti.