Na mfalme amepewa nani?

Maneno manne tu. Nimeyahesabu nikiosha vyombo, nimeyahesabu kwenye basi, na juzi usiku nimeyahesabu mbele ya kabati la dawa mpaka nikasahau nilichofuata.

Ilikuwa Jumanne, kwenye maegesho ya supamaketi, mvua ile ya Leicester isiyojiamua. Mkubwa, mwanangu wa kwanza, akaingia ndani ya gari na begi limelowa, akafunga mlango polepole (hafungi polepole, mnamjua), akasema, "Mama, nimepata." Nikamuuliza amepata nini. "Mchezo wa shule. Henry wa Tano, wa Shakespeare. Mimi ni Williams."

Nami, mtu mzima, nikasema: "Na mfalme amepewa nani?"

Akanitajia kijana wa mtaa wa nyuma, yule mwenye baiskeli ya bei. Nikasema, "Aa."

Swali naweza kulitetea. Mchezo una jina la mfalme, basi nimeulizia mfalme. Mtu akikwambia yumo kwenye kamati ya harusi, humuulizi anayeoa nani? Lakini ile "aa" haina wakili. Ilitokea puani. Ni "aa" ya mteja aliyeambiwa changu wamekwisha, wamebaki dagaa.

Hongera niliitoa kwenye taa nyekundu, dakika nne baadaye. Akajibu, "Asante, mama." Kesho yake asubuhi akaniamkia shikamoo iliyonyooka, ile ya kumpa mgeni, na hapo nikajua nimemuumiza.

Wiki ilikuwa na mambo yake: Baba watoto kaitwa kazini Glasgow na tuna mpaka mwisho wa mwezi kujibu, wifi kajifungua salama mtoto wa kike, na gari limefeli ukaguzi. Hayo nitayaandika siku nyingine. Nikifumba macho naona waipa zinakwenda kushoto na kulia, na mtoto ametazama dirishani.

Jumatano nikafanya ninachofanya siku zote nikikosea, nikatoa pesa. Paundi ishirini chini ya kikombe chake, na kikaratasi kimeandikwa "za viatu", maana kiatu chake cha kulia kimeanza kucheka. Jioni narudi, glavu yangu ya kijivu iko juu ya meza, imevimba kama mkono uliong'atwa na nyuki. Ndani mna noti ileile, na juu yake sarafu zote za kopo lake. Nikawaka.

"Kama huitaki pesa yangu sema, usinichezee."

"Mama, soma kwanza."

"Nisome nini?"

"Sehemu ya nne. Mpaka mwisho." Na akacheka! Akaacha kitabu juu ya friji, akaenda zake kulala.

Ijumaa nilikuwa zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee. Saa tisa wazee wote wamelala, nikakaa karibu na hita na kitabu cha shule chenye maelezo marefu kuliko mchezo wenyewe. Kiingereza cha 1599 si cha kusomwa na mtu aliyetoka kugeuza watu kumi na wawili vitandani, lakini nilikuwa na hasira, na hasira inasoma.

Ni usiku wa kuamkia vita vya Agincourt, Oktoba 1415. Waingereza wamechoka, wanaumwa, na Wafaransa upande wa pili ni wengi. Mfalme anaazima joho la mzee mmoja wa jeshi lake, anajifunika, anapita gizani kama mtu wa kawaida. Anakutana na askari watatu. Mmoja anaitwa Court, ana sentensi moja mchezo mzima: anauliza kama ile pale si alfajiri inayopambazuka. Basi. (Yuko mtoto shuleni aliyepewa Court, na mama yake sijui alisema nini ndani ya gari.)

Wa tatu ni Williams.

Mfalme, bila kujitambulisha, anasema yeye angeridhika kufa kando ya mfalme, maana vita vyake ni vya haki. Williams anamjibu kwa maneno machache kwamba hilo wao hawawezi kulijua. Kisha anaendelea, na hapa niliweka kalamu: kama vita si vya haki, mfalme ana hesabu nzito ya kutoa siku ya mwisho, pale miguu na mikono na vichwa vilivyokatwa vitakapokutana na kupiga kelele, tulifia mahali fulani. Wengine wanaapiza, wengine wanaita tabibu, wengine wanawalilia wake waliowaacha maskini, wengine madeni yao, wengine watoto.

Madeni yao! Nani mwingine kwenye vitabu vya vita amekumbuka kwamba mtu anakufa akiwa anadaiwa?

Mfalme anajibu kwa hotuba. Kwamba baba akimtuma mwanawe safari ya biashara akazama baharini na dhambi zake, baba hana lawama. Ni hotuba nzuri na Williams mwenyewe anaikubali. Ila swali lilikuwa kama vita ni vya haki, na hilo mfalme halijibu. Nilirudi nyuma kutafuta jibu, halimo. Wakagombana. Mfalme anasema amemsikia mfalme akisema hatakombolewa kwa fedha akitekwa. Williams anasema ndiyo, alisema hivyo tupigane kwa moyo, tukishachinjwa atakombolewa na sisi hatutajua. Na mtu kama yeye kumkasirikia mfalme, anasema, ni sawa na kutaka kuligandisha jua kwa kulipepea usoni kwa unyoya wa tausi. Nilimwona mama yangu na ukindu wake wa kupepea jiko.

Wanabadilishana glavu ili wakutane baada ya vita wamalize ugomvi, kila mmoja aweke ya mwenziwe kofiani. Vita vinakwisha, mfalme anajidhihirisha. Williams hatetemeki. Anasema hukuja kama wewe, ulikuja kama mtu wa kawaida, ulichokipata katika umbo lile ni kosa lako. Na mfalme anafanyaje? Anaagiza glavu ijazwe sarafu, apewe.

Nikasimama na kitabu mkononi.

Wala hakujaisha. Fluellen, kapteni Mwelshi msemaji, naye anatoa peni kumi na mbili zake. Williams anamwambia sitaki pesa yako. Fluellen anamhimiza: pokea, zitakusaidia kutengeneza viatu.

Za viatu. Niliandika kwa mkono wangu, na wino wa buluu.

Nilicheka mpaka chumba namba 9 wakawasha taa. Mnamjua, yule anayeniita Sister. Nikampelekea maji, nikamsimulia yote, aa na glavu na viatu, akasikiliza kwa adabu. Kisha akasema mchezo huo aliuona sinema akiwa mtoto, wakati wa vita, na anachokumbuka ni mishale: ilivyopaa yote pamoja, na mlio wake. Nimetafuta kwenye simu. Ni filamu ya Laurence Olivier ya 1944, iliyotolewa heshima kwa makomando na askari wa miamvuli, na uwanja wa vita walikwenda kuupigia picha Ireland. Serikali ilitaka filamu ya kutia watu moyo, kwa hiyo vitisho vya mfalme pale Harfleur, anaposema askari wake watawatumbukiza vitoto vichanga kwenye ncha za mikuki mji usipojisalimisha, vikakatwa. Rafiki yake wa zamani anayenyongwa kwa kuiba kanisani naye akaachwa. Mfalme akatoka msafi. Mwaka 2003, mwaka uleule Uingereza ilipoingia Iraq, Adrian Lester alimcheza mfalme huyu London, na nguo za jeshi la leo, na nadhani hapo watu walimsikiliza Williams vizuri zaidi.

Kila vita hapa vinamwita mfalme huyu. Hata mwandishi mwenyewe alimwita kwa vita vyake: Msimulizi anamtaja jenerali wa malkia aliyekwenda Ireland, anatumaini atarudi na uasi umechomwa upangani. Wasomi wengi wanasema ni Essex, aliyekwenda mwaka huohuo wa 1599. Akarudi mikono mitupu, na 1601 akakatwa kichwa. Shakespeare hongera yake aliitoa mapema, mimi nimechelewa.

Hotuba ya mfalme inayotiwa kwenye mabango ni ile ya asubuhi ya vita, sisi wachache, sisi kundi la ndugu, atakayemwaga damu nami leo ni ndugu yangu. Nimekulia nchi ambayo kila mtu alikuwa ndugu mpaka kwenye foleni ya sukari, kwa hiyo neno hilo nalisikiliza kwa sikio moja. Jioni mfalme anapewa orodha ya Waingereza waliokufa. Anataja wanne: mtawala wa York, wa Suffolk, na wengine wawili. Kisha anasema hakuna mwingine mwenye jina, na watu wengine wote ni ishirini na watano tu. Wanahistoria wanahesabu zaidi, lakini si hesabu iliyonichoma. Undugu haukufika jioni. Mama yangu anazeekea Kariakoo, mahali palipopata jina kutokana na Carrier Corps, wapagazi waliobebeshwa mizigo ya vita vya Waingereza na Wajerumani wakafa kwa maelfu, wengi bila kaburi lenye jina. Amekaa juu ya orodha ya aina hiyohiyo miaka sabini na anauza vitenge.

Jumamosi asubuhi nimerudi, Mkubwa anakula mkate.

"Nimesoma."

"Umefika wapi?"

"Kwenye pesa."

Akatabasamu kwa upande mmoja kama marehemu baba yangu. Nikamuuliza Williams anazipokea au hazipokei, maana kwa mfalme hasemi kitu, wala asante. Akasema mwalimu amemwachia aamue mwenyewe na bado hajaamua, siku nyingine anazipokea, siku nyingine anaziacha chini. Nikamwambia mimi ningezipokea na ningemtazama mfalme machoni nikizipokea. Akafikiri. Akasema, "Hiyo si mbaya, mama."

Hiyo si mbaya! Nimeibeba siku nzima.

Ishirini kaichukua. Viatu tumenunua mchana. Glavu imekwenda mazoezini mpaka Machi, kwa hiyo kituoni sasa nasimama na mkono mmoja mfukoni.

Na jino la nyuma limeanza tena, lile la juu kulia. Nimepiga simu sehemu tatu, zote wanasema hawapokei wagonjwa wapya. Natafunia kushoto.