Mtumbwi umekubali kukaa juu ya maji

Hatimaye! Picha ya jana asubuhi kutoka Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza: mtumbwi uko mbele ya mawe, mawe yako mbele ya vilima, na maji yametulia mahali pake. Mliowahi kupiga picha za stirio (mbili za kitu kimoja, ya jicho la kushoto na ya jicho la kulia, ili macho yaone kina, yaani kipi kiko mbele na kipi nyuma) kando ya ziwa mnajua kwa nini nashangilia.

Kwa majabali simu moja inatosha. Unapiga ukiegemea mguu wa kushoto, unahamia wa kulia, unapiga tena. Jabali halina haraka. Ziwa ndilo limenitoa jasho. Kati ya picha mbili mtumbwi umeshasogea, na macho hayajui mwendo ni nini: kila tofauti ya mlalo yanaisoma kuwa kina. Ukianza na jicho la kushoto, mtumbwi unaokwenda kushoto unakurukia usoni, na unaokwenda kulia unazama nyuma ya vilima kana kwamba umechimba shimo ziwani. Mwanasayansi Wheatstone, mwaka 1838, stirioskopu yake, kifaa cha kutazamia picha za namna hii, aliielezea kwa michoro. Heri yake, michoro haisukumwi na upepo.

Nikafunga simu mbili za aina moja kwenye ubao, wima, ubavu kwa ubavu, lenzi zikiachana sentimita 7.5. Rimoti za bluetuthi sitaki hata kuzisikia, kila simu inaitika ikipenda. Nikahamia kwenye video, fremu 60 kwa sekunde; napiga kofi, natafuta fremu viganja vinapokutana, ili kuoanisha video mbili. Bado fremu za simu mbili zinaweza kupishana hadi milisekunde 8 na kidogo. Utasema si kitu. Mtumbwi wa injini unaokata mita 3 kwa sekunde hapo umeshasogea sentimita 2.5, yaani theluthi nzima ya nafasi kati ya lenzi zangu. Kina chote uongo mtupu.

Dawa imekuwa funguo za nyumbani. Naziangusha mbele ya lenzi mwanzoni mwa kila klipu. Lenzi zimepangwa mlalo, kwa hiyo funguo zikionekana juu zaidi kwenye fremu moja kuliko nyingine, huo ni muda tu, hauhusiani na kina. Kila ukianzisha simu upya fremu zinaangukia pengine, basi narekodi klipu fupi nyingi na kuchambua nyumbani. Inauma, maana mitumbwi mizuri hupenda kupita kwenye klipu zilizopishana. Ila jana hadi meno ya ufunguo wa kufuli yako usawa mmoja kushoto na kulia. Mama mmoja aliyekuwa anaanika dagaa akaniuliza, "Mwanangu, hizo funguo zimekukosea nini?"

Kunyoosha picha mbili zikae sawa naendelea na programu ya StereoPhoto Maker. Sura ya kizamani, lakini ya bure, na kazi inaifanya. Miwani ya nyekundu na samawati ya kutazamia stirio inaua rangi za machweo. Mimi nakengeza macho tu hadi picha mbili ziungane.

Mpango ulikuwa kuhamia kwenye dagaa kwenye chanja. Umesogezwa, kwa sababu juu ya pantoni ya Kamanga nimewaza: kwa nini chombo kisinisogezee simu? Jiwe la Bismarck likiwa mita 300, kanuni ya moja kwa thelathini (nafasi kati ya picha mbili iwe sehemu moja ya thelathini ya umbali wa kitu) inataka mita 10 kati ya picha na picha, na pantoni inazimaliza kwa sekunde chache. Simu moja, ukingoni, video. Maji yatavurugika, najua, lakini nalitaka jiwe. Jumamosi navuka na kurudi, nauli ninayo.