Siku moja maishani mwangu: tenori wa dharura

Saa 2:40 asubuhi. Wakala wangu akipiga simu kabla ya saa tatu, najua kuna tenori, yaani mwimbaji wa sauti ya juu ya kiume, aliye mgonjwa mahali fulani. Leo ni mji mmoja wa kaskazini mwa Ujerumani: opera ya Puccini, *La Bohème*, saa moja na nusu jioni, na aliyepangwa kuimba nafasi ya Rodolfo ameamka hana sauti. "Unaimba kama ilivyoandikwa au nusu toni chini?" Ndilo swali la kwanza, kabla hata ya nauli. Wimbo mkubwa wa Rodolfo, "Che gelida manina", unapanda hadi nota ya C ya juu, na tenori wengi huushusha kidogo. Wanaotunza nota za okestra lazima wajue mapema ni karatasi zipi za kuweka kwenye stendi. Nikamjibu: kama ilivyoandikwa.

Saa 3:10. Chupa ya maji iliyojaa nusu, na mrija ndani yake. Napuliza huku nikiimba kwa sauti ndogo, kupanda na kushuka, maji yakitoa mapovu. Ukinzani wa maji unarudi kooni na kuzisaidia nyuzi za sauti zikutane bila kugongana kwa nguvu. Kisha naacha mrija na kupima F na G, pale ambapo sauti ya tenori huvuka kutoka kifuani kwenda kichwani. Zikipita bila shingo kukaza, naweza kusafiri. C siigusi asubuhi.

Saa 4:15. Treni inavuka Rhine juu ya daraja la Hohenzollern na kuiacha Cologne nyuma. Hewa ya ndani ni kavu, kwa hiyo skafu shingoni, maji mkononi, mdomo umefungwa. Mama alipopiga sikupokea, nikamwandikia: "Shikamoo mama. Leo naimba ghafla, natunza sauti. Nitakupigia kesho." Akajibu: "Marahaba baba. Mungu akutangulie." Yeye ndiye aliyenipeleka kwenye kwaya ya usharika, nikawekwa sauti ya tatu, yaani tenori, kwa sababu hapakuwa na wavulana wa kutosha.

Njia nzima nikatazama video ya onyesho waliyonitumia. Muziki wa Rodolfo nimekaa nao miaka. Nisichokijua ni mlango wao uko wapi, jiko liko wapi, na mshumaa wa Mimi, binti anayependwa na Rodolfo, unazimikia upande gani.

Saa 8:00 mchana. Moja kwa moja chumba cha mavazi. Koti linanibana mabegani lakini nitavumilia. Shida ni mfuko. Mimi anadondosha ufunguo gizani, Rodolfo anauokota na kuuficha ili binti asiondoke mapema, nami mkono wangu umezoea mfuko wa kulia. Koti hili lina mfuko kushoto tu. Fundi hakuuliza mara mbili: akachukua kipande cha kitambaa, akashona mfuko wa kulia nikiwa bado nimelivaa. Mtazamaji hatajua kamwe, ila mkono unaotafuta mfuko usiokuwepo huiba pumzi ya sentensi inayofuata.

Saa 9:00. Chumba cha mazoezi. Msaidizi wa mwongozaji amebandika tepu sakafuni: hapa meza, hapa dirisha, hapa usikanyage kwa sababu theluji ya sehemu ya tatu inateleza. Soprano, mwanamke wa sauti ya juu anayeimba Mimi, amekuja wakati wake wa mapumziko ya mchana, tukapitia mshumaa na ufunguo. Kisha mwongoza okestra akakaa kwenye piano. Hatukuimba yote, tulitafuta maungio tu, yaani wapi ananisubiri, wapi hanisubiri. "Mwisho wa sehemu ya kwanza unapanda naye?" akauliza. Ni mazoea ya tenori wengi kwenda C pamoja na soprano wakitoka mlangoni. Puccini alimwandikia tenori nota ya chini, na mimi huimba alivyoandika. Sauti ya Mimi ikibaki peke yake kule juu, mapenzi yanasikika vizuri zaidi.

Saa 10:30. Wali na kuku. Nikalala kidogo.

Saa 1:30 jioni. Mkuu wa nyumba ya opera anatoka mbele ya pazia kutangaza mabadiliko. Hakuna maikrofoni. Okestra yote iko kati yangu na watu, na wengi huuliza inawezekanaje. Nguvu kubwa ya okestra iko chini, karibu na hezi 500, yaani mitetemo 500 kwa sekunde. Sauti iliyofunzwa hukusanya nguvu nyingine karibu na hezi 3000, ambako okestra imepungua, na sikio la binadamu hapo ni kali sana. Hatuishindi okestra kwa kelele. Tunapita mahali ilipoacha wazi.

C ilikuja kwenye irabu *a*, koo wazi, nyuzi za sauti zikikutana zaidi ya mara 500 kwa sekunde. Mwongoza okestra alinisubiri, kama tulivyokubaliana.

Sehemu ngumu kwangu haiko hapo. Iko mwisho, Mimi amekwisha kufa na Rodolfo ndiye wa mwisho kujua. Anaita jina lake mara mbili, juu, kwa nguvu zote. Ukilia kweli, koo linafunga na jina halitoki. Kwa hiyo macho yangu huyaweka kwenye taa ya kijani ya mlango wa dharura, na kilio nawaachia waliokaa.

Saa 4:30 usiku. Kebabu karibu na stesheni. Mwimbaji mgeni hulipwa kwa kila onyesho. Asiyeimba halipwi, na ndiyo maana ugonjwa wa mwenzangu unaniuma hata unaponipa kazi. Nikamwandikia ugua pole, na kwamba koti lake sasa lina mifuko miwili. Keshokutwa nina mazoezi ya Requiem ya Verdi, misa ya wafu, hivyo kesho nitaongea na mama tu.