Risiti ya Mstari Mmoja

Hati ya mashtaka ilikuwa na aya moja tu: kwamba niliiba pakiti moja ya nyembe za kunyolea, mali ya duka. Pakiti zilikuwa mbili, zote nilizilipia, na risiti ilionyesha hivyo. Kilichonifikisha kizimbani ni jinsi risiti ile ilivyochapwa, na jinsi kinavyofanya kazi kile kibandiko kidogo kilichofichwa kwenye pakiti.

Bidhaa ndogo zenye thamani huwekewa kibandiko cha kuzuia wizi. Nguzo mbili zilizo mlangoni hutuma mawimbi, ya kilohezi 58 au ya megahezi 8.2 kutegemea aina ya mfumo, na kibandiko kikiwa hai huyajibu, king'ora kikalia. Keshia hukizima kwa kukipitisha juu ya bamba lililo kaunta. Wengi hudhani kwamba bei ikishasomwa na mashine, kibandiko nacho kimezimika. Hizo ni kazi mbili tofauti. Keshia akiwa na pakiti mbili zinazofanana, mara nyingi husomesha moja tu, kisha anabonyeza namba 2 kuweka idadi. Pesa zinaingia zote kihalali, lakini pakiti ya pili inaingia kwenye mfuko bila kupita juu ya bamba, na kibandiko chake bado kiko hai. Ndivyo ilivyokuwa kwangu.

King'ora kilipolia, mlinzi aliniomba risiti na mfuko. Akapitisha kidole juu ya risiti, akaona neno "nyembe" mara moja tu, huku mkononi ana pakiti mbili. Idadi ilikuwa imechapwa kwa herufi ndogo chini ya jina la bidhaa: 2, alama ya kuzidisha, bei ya pakiti moja, na jumla yake ukingoni upande wa kulia. Nilimwonyesha. Alisema hayo tutayazungumza ofisini. Risiti ikaondoka naye, na sikuiona tena. Kwenye jalada la polisi iliandikwa kwamba mtuhumiwa hakuwa na risiti.

Ofisini niliwekewa karatasi mbele: saini, lipa, uende zako. Karatasi za namna hii hutolewa kwa upole, na mtu aliyeaibishwa mbele ya watu huona ndiyo njia ya mkato. Lakini sentensi yake ya kwanza ilikuwa "Nakiri kuchukua mali bila kuilipia." Ukishaweka saini hapo, umetoa ungamo la maandishi, na hakuna kinachowazuia kulipeleka polisi hata baada ya kupokea pesa yako. Nilikataa kusaini, na nikarudia maneno yaleyale bila kupandisha sauti: nimelipa, mlinzi anayo risiti, naomba mtazame rekodi ya kaunta. Kaunta ilikuwa hatua chache kutoka tulipokaa. Hakuna aliyenyanyuka kwenda kutazama, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Kituoni nilitoa maelezo mafupi. Niliyotaka yaonekane kwenye karatasi yalikuwa mawili: kwamba nimelipa kwa kadi, na kwamba risiti imechukuliwa na mlinzi. Maelezo husomwa yote kabla ya kusainiwa, kila ukurasa, na nafasi tupu iliyobaki chini ya mstari wa mwisho hupigwa mstari ili kisije kuongezwa kitu. Mpelelezi aliandika "anadai alilipa". Nilimwomba abadilishe iwe "alilipa kwa kadi", akabadilisha, tukaweka saini zetu pembeni ya masahihisho.

Wakili wangu hakuanza na sheria, alianza na barua. Kamera za ulinzi huhifadhi picha kwenye diski ambayo ikijaa hufuta za zamani na kuandika mpya juu yake; kwa mifumo mingi ni siku 30 au pungufu. Anayesubiri tarehe ya kusikilizwa ndipo aombe picha hukuta zimeshafutika, wala hakuna aliyefanya hila. Barua iliomba vitu vitatu kwa majina yake: picha za kamera ya kaunta pamoja na za mlangoni, kuanzia nilipopanga foleni hadi nilipozuiwa, kumbukumbu ya kielektroniki ya mashine ya malipo, ambayo hutunza kila mwamala hata karatasi ikipotea, na pakiti zote mbili, zisirudishwe rafuni. Nakala ilipelekwa kwa mpelelezi, na nakala yetu ikagongwa muhuri wa kupokelewa na tarehe. Bila muhuri ule, baadaye ingekuwa neno letu dhidi ya lao. Benki nayo ilitoa taarifa ya malipo yenye kiasi na saa.

Siku ya kwanza mahakamani haikuwa na ushahidi wowote. Karani alisoma shtaka, hakimu akauliza kama ni kweli. Hapa ndipo wasio na hatia hujichanganya, kwa kujibu, "Ni kweli nilikuwa nazo, lakini..." Jibu la nusu nusu linatakiwa liandikwe kuwa ni kukana, ila si kila mara huandikwa hivyo. Jibu langu lilikuwa "Si kweli, Mheshimiwa", basi. Maelezo yana siku yake. Nilipata dhamana kwa mdhamini mmoja, kesi ikapangiwa tarehe ya kutajwa, ikatajwa tena, ikaahirishwa kwa kuwa shahidi hakufika. Kutajwa huonekana kama kupoteza muda tu, lakini mshtakiwa asipofika dhamana inaweza kufutwa na hati ya kumkamata kutolewa. Na tarehe hizo ndizo wakili alizozitumia kudai nakala za maelezo ya mashahidi na vielelezo.

Nakala zilipokuja, zilikuwa na jambo la kutisha. Kwa saa iliyoonekana kwenye picha nikiwa mbele ya keshia, kumbukumbu ya mashine haikuwa na nyembe kabisa. Ilikuwa na mwamala wa mtu mwingine. Mwendesha mashtaka alilishika hilo kama msumari wa mwisho.

Sababu ilikuwa saa. Kamera na mashine ya malipo zina saa mbili zisizofahamiana. Kila moja hupotea kwa mwendo wake, na pasipo mtu wa kuzirekebisha hutofautiana kwa dakika kadhaa. Kuangalia moja na kukisia nyingine hakutoshi. Inatafutwa tendo moja linaloonekana kote kuwili. Mteja aliyekuwa mbele yangu alighairi mwavuli baada ya kusomeshwa bei. Kwenye picha keshia anauweka mwavuli kando. Kwenye kumbukumbu ya mashine kuna mstari wa kufuta mwavuli. Saa ya kamera ilikuwa mbele kwa dakika saba. Tukaondoa dakika saba kwenye picha zangu, na mwamala ukajitokeza: nyembe, idadi 2, jumla ileile iliyo kwenye taarifa ya benki, na saa inayolingana na ya benki.

Mlinzi alipopanda kutoa ushahidi, wakili hakumshambulia. Maswali yake yalikuwa mafupi, kila moja na jambo moja, na jibu analijua tayari. Ulipewa risiti? Ndiyo. Uliisoma? Ndiyo. Iko wapi? Niliipeleka ofisini. Je, uliangalia safu ya idadi? Kimya, kisha: Sikumbuki. Keshia alionyeshwa picha yake mwenyewe akisomesha pakiti moja na kubonyeza namba, akakubali kwamba ndivyo afanyavyo bidhaa zikifanana. Hakuulizwa swali la ziada, na hiyo ni kanuni ninayoiheshimu sana: ukishapata jibu unalolihitaji, kaa chini. Shahidi akipewa swali la "kwa nini" hupata mlango wa kujieleza.

Kabla upande wa mashtaka haujafunga ushahidi wake, mwendesha mashtaka alisema angependa kuliondoa shtaka. Nilitaka kushangilia. Wakili alinishika mkono, akasimama kupinga, na sababu yake ni ya msingi: katika nchi nyingi shtaka lililoondolewa laweza kufunguliwa upya, ilhali aliyeachiwa huru kwa uamuzi wa mahakama baada ya ushahidi kusikilizwa hashtakiwi tena kwa kosa lilelile. Hakimu alikubaliana naye, akaamuru kesi iendelee.

Ushahidi wao ulipofungwa, tuliwasilisha hoja kwamba sina kesi ya kujibu. Uamuzi ulikuwa mfupi. Wizi unahitaji mali ichukuliwe bila ridhaa ya mwenyewe, kwa nia ya kumnyima mali hiyo daima. Mali iliyolipiwa haimo katika maelezo hayo. Hakimu alirejea pia kanuni iliyowekwa na Baraza la Malodi la Uingereza, lililokuwa mahakama yao ya juu kabisa, mwaka 1935 katika shauri la Woolmington, kwamba kuthibitisha kosa ni kazi ya anayeshtaki, wala mshtakiwa hana wajibu wa kuthibitisha kwamba hana hatia. Niliisikia nikiwa kizimbani, nikiwa nimehangaika muda wote ule kuthibitisha hasa hicho. Kanuni ni ya kweli na naiamini. Lakini picha zile zingejifuta, sijui ingenifikisha wapi.

Baada ya kuachiwa huru kazi ilikuwa haijaisha. Niliomba nakala ya uamuzi iliyothibitishwa kwa muhuri, zaidi ya moja, kwani waajiri na ofisi hubaki nayo. Mdhamini aliondolewa rasmi kwenye jalada, jambo linalosahaulika mara nyingi. Kisha wakili akaandika barua ya mwisho kwa polisi, akiambatanisha uamuzi, kuomba alama zangu za vidole na picha zangu ziondolewe kwenye kumbukumbu zao. Nayo tuliigongesha muhuri wa kupokelewa.