Amonaiti orijino haitoki Ziwa Tanganyika, jamani

Wadau wa mawe na makombe, leo naomba niliongelee hili maana kila nikishuka Kibirizi au Ujiji, huku kwetu Kigoma, lazima nikutane na kijana kashika kombe kaokota ufukweni ananiambia kaka hii si ndo ile amonaiti yako, tutafute mteja? Hapana mdogo wangu, hilo ni kombe la konokono wa ziwani, zuri kweli na lina historia yake nzito tu, ila amonaiti siyo, maana amonaiti ni kisukuku, yaani mabaki yaliyogeuka jiwe ya mnyama wa bahari wa kale mwenye gamba la kujizungusha.

Na siwashangai wanaochanganya, kwa sababu makombe ya ziwa letu yana sura ya baharini kabisa. Kuna yale yenye miiba mirefu, kuna mazito yenye mikunjo, ukimpa mtu wa Mafia atakuapia yametoka kwao. Edward Hore, mmisionari Mwingereza aliyefika Ujiji mwaka 1878, alikusanya makombe ya hapa yakapelekwa London, na mwaka 1880 mtaalamu Edgar Smith akampa yule konokono mwenye miiba jina la Tiphobia horei, yaani kisayansi kabeba jina la Hore mpaka leo. Halafu akaja J.E.S. Moore, mara ya kwanza 1896 na tena 1899, huyu ndo alichukua makombe ya ziwa akayalinganisha na visukuku vya bahari ya enzi za Jurasiki, yaani zama za dainosaria, vilivyotoka Ulaya, akaona vimefanana mno, akasema basi Tanganyika ni kipande cha bahari ya kale kilichobaki katikati ya bara. Na ushahidi mwingine alikuwa nao, ziwani humu kuna konyeza wadogo wanaishi kwenye maji yasiyo na chumvi, na konyeza sisi wote tunamjua kama mnyama wa bahari. Akaandika kitabu kizima 1903. Mimi namheshimu sana Moore, aliangalia vitu kwa macho yake na akauliza swali zuri, tatizo ni kwamba mawe yamemkatalia.

Hesabu yenyewe iko hivi. Ziwa letu lilianza ardhi ilipopasuka kwenye bonde la ufa, na makadirio ya wengi ni kati ya miaka milioni 9 na 12 iliyopita. Amonaiti wa mwisho walikufa miaka milioni 66 iliyopita, wakati mmoja na dainosaria. Kwa hiyo ziwa lilipozaliwa hao walishatoweka zamani sana. Utasema basi tutafute kwenye miamba ya vilima vyetu, nayo shida ni kinyume chake, haya mawe ya mchanga ya Kigoma yalitengenezwa kabla wanyama wenye magamba hawajatokea duniani! Yaani maji machanga mno na miamba mizee mno, amonaiti wanaangukia katikati pale ambapo sisi hatuna kitu. Na kuhusu makombe kufanana na ya bahari, watafiti walikuja kuonyesha kwamba kaa wa ziwani wanayavunja makombe kwa makucha yao, kwa hiyo konokono wenye kombe gumu ndo waliobaki wakazaana, na hiyo inatokea popote penye kaa wenye nguvu, iwe baharini au ziwani.

Sasa utajuaje orijino? Nina moja hapa mezani ya kutoka Madagaska, imekatwa katikati ikasuguliwa, nilinunua Dar kwa muuza mawe na naipenda kuliko zote. Ukiiangalia kwa karibu unaona vyumba, kidogo kabisa pale kati halafu kila kinachofuata kinakuwa kikubwa kuliko mwenzake, na kila chumba kimetengwa na kijiukuta chembamba kilichopinda, ndani kumejaa madini ya kalsaiti rangi ya asali na sehemu zingine hakujajaa vizuri fuwele zimebaki zimening'inia kwenye uwazi. Mnyama mwenyewe, ndugu yake ngisi na pweza, alikaa chumba cha mwisho tu, hivyo vingine vilikuwa na gesi ya kumsaidia kuelea, na kuna kijibomba chembamba kinapita vyumba vyote kwa upande wa nje. Konokono hana hiyo mambo. Pasua kombe lolote la ufukweni, ndani ni njia moja toka mdomoni mpaka nchani, hakuna kuta. Kipimo hicho tu kinatosha, huhitaji maabara.

Kwa ambayo haijakatwa, tafuta ile mistari pale kuta zinapogusana na gamba, inaonekana gamba la nje likishabanduka, na kwenye amonaiti wengi imechanika chanika kama kingo za majani ya kotimiri. Mchongaji wa feki mara nyingi hajisumbui nayo, anachonga mzunguko na mifereji basi. Za Moroko hasa muwe makini, nzuri zipo nyingi ila zilizochakachuliwa nazo zipo, ingine nusu kisukuku nusu gundi na unga wa mawe, ingine plastiki tupu imepakwa rangi. Ishike kwanza, jiwe ni zito na lina ubaridi, piga lenzi utafute vitundu vya hewa, paka asetoni (ile ya kufutia rangi ya kucha) kidogo kwa chini uone kama rangi inatoka, na ukiona muuzaji ana kumi zilizofanana mpaka ufa, ondoka.

Kwa hapa kwetu Tanzania amonaiti wapo ukanda wa pwani, kule ambako bahari iliingia Afrika na Madagaska zilipokuwa zinaachana. Tendaguru mkoani Lindi, pale Wajerumani walipochimba dainosaria 1909 mpaka 1913, matabaka yenye mifupa yamepishana na matabaka ya bahari, na hao amonaiti wamesaidia kujua mifupa ile ni ya umri gani, maana walibadilika haraka na walisambaa mbali, kila kipindi kina aina zake. Watu wote wanaongelea ule mjusi mkubwa ulioko Berlin, amonaiti hakuna anayewataja, inaniuma. Ila ukienda huko usianze kuchimba kienyeji, pita serikali ya kijiji na uongee na watu wa Mambo ya Kale kwanza.

Na hili nawasihi wote mnaokusanya, hata kama ni makombe ya hapa Katonga, kila kitu kipe karatasi yake yenye namba. Andika umekipata wapi, kijiji gani, kwenye korongo au ufukweni, kilikuwa ndani ya mwamba au kimelala chini, tarehe, na nani alikupa. Tumia penseli maana wino wa kalamu unafifia na unyevu wa huku ziwani mnaujua, kisha namba ileile iandike na kwenye jiwe lenyewe kwa chini.