Ngama 13 za Quanzhou

Tulifika Quanzhou, mji wa bandari wa China, kutazama meli ya kale, na kufika Jumatatu ndilo lilikuwa kosa letu la kwanza. China majumba mengi ya makumbusho hufungwa siku hiyo. Tulikuwa wanafunzi wawili tuliotoka Xiamen kwa treni, mimi na mwenzangu wa Lamu, mtoto wa fundi wa majahazi. Ikabidi tulale hadi kesho yake.

Jumatatu hiyo tuliimalizia kwenye msikiti wa Qingjing, uliojengwa mwaka 1009. Kuta zake ni za mawe na zina aya zilizochongwa, lakini ukumbi wa kuswalia hauna paa. Ukiinua kichwa unaona mbingu. Waarabu waliuita mji huu Zaitun. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyekuwa Kilwa mwaka 1331, aliufikia miaka ya 1340.

Jumanne tukatoka mapema, pasipoti mfukoni, maana bila hiyo mgeni anaweza kukwama mlangoni. Tukaenda jengo kuu la Makumbusho ya Bahari, tukakosea tena. Mawe ya makaburi yenye maandishi ya Kiarabu yamo humo, na yanatosha kumla mtu asubuhi nzima, ila meli tuliyoifuata imewekwa kwingine: kwenye ukumbi ulio ndani ya uwanja wa hekalu la Kaiyuan. Utalijua kwa minara yake miwili ya mawe, mmoja wa mita 48 na mwingine wa 44.

Meli yenyewe ilifukuliwa mwaka 1974 kwenye matope ya bandari ya Houzhu. Kilichobaki ni sehemu ya chini tu, urefu mita 24.2, upana 9.15. Sehemu ya juu ambayo haikufunikwa na tope imeoza ikaisha. Ndani mlikutwa miti ya manukato zaidi ya kilo 2,000, pilipili manga, ubani, ambari, kauri na sarafu. Sarafu ya karibuni kabisa ni ya 1271, kwa hiyo chombo kilizama baada ya hapo.

Mwenzangu hakujali ambari. Alichutama akaanza na mbao.

"Hawa walipiga misumari," akasema.

Ni ya chuma. Mtepe, chombo cha zamani cha kwetu, ulishonwa kwa kamba za makumbi. Mbao za ubavuni zimepandana tabaka mbili, kwingine tatu, na mianya imezibwa kwa nyuzi zilizopondwa pamoja na chokaa na mafuta ya mti wa tung. Sisi hukalafati kwa pamba iliyotiwa mafuta, halafu chini tunapaka deheni, ambayo nayo ni chokaa na shahamu. Chokaa imo kote kuwili.

Kilichomshika zaidi ni kuta. Kuta 12 za mbao zimekatiza chombo toka omo, yaani mbele, hadi tezi, yaani nyuma, zikafanya ngama 13, yaani vyumba vya chini ya chombo. Kwenye jahazi maji yote hukimbilia banduruni, pale chini yanapotekwa, na tundu moja likizidi nguvu za watekaji, mmekwisha. Hapa ngama moja ikitoboka, nyingine zinaendelea kuelea.

"Sasa maji yanayovuja kidogo kidogo yanatekwaje? Utateka ngama 13?"

Tukazunguka tukitafuta jibu. Liko chini kabisa, juu ya mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo: ukuta una kitundu kidogo. Siku za kawaida maji hupita humo yakajikusanya pa kutekwa. Hatari ikija, kitundu kinazibwa. Ukitazama kwa juu juu hukioni, kivuli cha mbao kinakificha.

Usiku akampigia babake simu, akamweleza yote: misumari, chokaa, kuta, kitundu. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kila ngama ina urefu gani.

"Haifiki mita mbili, baba."

"Basi boriti wangezipakia wapi?"